Kiraka cha Bi Ragna

Ragna Tvermose alikuwa na pahali pake pa kukaa pale karakanani, na hapakuwa kwenye kiti. Palikuwa ni kwenye stuli ya mbao isiyo na mgongo, mbele ya chereheni, chini ya dirisha lililotazama ua wa nyuma wa mtaa wa Nørrebro, ambako baiskeli ziliegemeana na mapipa ya taka yalinuka kabichi. Juu ya stuli hiyo alishona vitambaa vya viti ambavyo watu wengine wangeviegemea. Alikuwa akivishona tangu mumewe, mchochea makaa wa meli, alipozama wakati wa vita, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuvuka kizingiti cha chumba chake. Jioni alirudi nyumbani akakaa ukingoni mwa kitanda. Anayeona hilo ni jambo la kawaida na alitazame tena. Mji mzima wa Copenhagen ulikuwa umeketi juu ya mishono ya mwanamke huyu, naye alikula chakula chake cha jioni akiwa na sahani mapajani.

Mshono wake ulijulikana. Baba yake alikuwa mshona matanga kule Svendborg, na Ragna alishika sindano ya tanga kabla hajajua kusoma. Mshono wake ulitembea juu ya mkono wa kiti bila kuyumba, kama reli ya tramu.

Karakana ilikuwa ya Mzee Folmer Rude, fundi wa makochi wa mtindo wa zamani: mikanda ya katani, springi zilizofungwa kwa mkono, singa za farasi za kujazia, na mdomo uliojaa misumari midogo kiasi kwamba alizungumza kupitia pembe moja tu ya midomo. Mshonaji wa pili aliitwa Ebba, mwembamba, mcheshi, asiyeweza kukaa kimya hata akiwa na uzi menoni.

Na kulikuwa na gunia. Kila kipande cha kitambaa kilichobaki mezani baada ya kukata kiliingia humo, na gunia halikuguswa mpaka Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Siku hiyo Mzee Folmer alilifungua, vitumbua vya moto vikaletwa na jamu yake, na kila mtu akafumba macho akachota kwa zamu. Aliyepata kipande kikubwa alishangiliwa, aliyepata utepe alizomewa. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyetia mkono. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na pengine ndiyo maana ilishika.

Mwezi wa Februari, mwaka wa hamsini na moja, kiliingia kitambaa kipya. Kilifumwa na mama mmoja wa Lyngby kwa ajili ya kiti kimoja tu: sufu ya kijivu iliyokaribia ukijani, nyuzi zake zikipandana kama mifupa ya samaki. Hakikuwa kwenye duka lolote. Majira hayohayo gagulo la Ragna, sketi yake ya chini ya gauni, la sufu, la pekee, lilitoboka upande wa kushoto, pale anapokalia. Baridi ilikuwa kali. Kipande cha kitambaa kile, ukubwa wa kiganja, kilikuwa mdomoni mwa gunia, kimening'inia nje kama ulimi. Ragna alikitazama asubuhi. Akakitazama mchana. Jioni, wakati Ebba anafunga kilemba chake, kikaingia mfukoni mwa aproni.

Alikishona kwa mshono wa tanga, mara mbili kuzunguka. Kilimpa joto. Kila alipokaa alijua kipo.

Kiti chenyewe kilikuwa cha Troels Birkholm, mchoraji wa samani, kijana mrefu kama mpini wa ufagio, mtoto wa mwalimu mkuu, aliyezungumzia viti jinsi wachungaji wanavyozungumzia mbingu. Alitaka kiti cha mikono cha watu wote: miguu myembamba ya mbao za mti wa bichi, mgongo wa kulaza bega lililochoka, hakuna nakshi, hakuna ubwana. Alikuwa anakiandaa kwa maonyesho ya vuli ya mafundi seremala, na kiolezo chake cha kwanza alikipima kwa mwili wake mwenyewe.

"Mama Ragna, hebu kikalie useme kweli," alimwomba siku moja ya Machi.

Ragna alikaa. "Kizuri, Bwana Troels. Ila kinanisukuma kama kondakta anayetaka nishuke."

Karakana nzima ilicheka. Troels hakucheka. Alizunguka kiti mara kadhaa huku akishika nywele, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyeona mwanga, "Nimekosea tangu mwanzo. Nimemtengenezea kiti mtu ambaye hajawahi kuchoka. Mama, mwili wako ndio kipimo."

Siku ya pili alileta sanduku pana la udongo wa kufinyangia. Akatundika turubai pembeni liwe pazia. "Vua gauni tu, gagulo libaki. Gauni lako nene, litadanganya. Mimi nitakaa upande huu wa pazia, wala sitageuka."

Ragna alikaa kwenye udongo. Ulikuwa baridi kama samaki, ukapanda na kumkumbatia pande zote, na nyuma ya turubai Ebba alikuwa anauliza kama atolewe kwa koleo au kwa farasi. Ragna naye akacheka. Hakujua kuwa udongo una macho. Alipoinuka, Troels alimimina plasta ndani ya alama ile, na ilipokauka alitoa mfano wa makalio na mapaja ya Ragna, mweupe, mzito, akauweka juu ya rafu karibu na dirisha.

"Dada, umewekwa juu kama mtakatifu kanisani," alisema Ebba. "Tatizo umegeuka upande wa pili."

Kwa siku chache lilibaki jambo la mzaha. Kisha asubuhi moja jua la machipuko likaingia kwa ubavu, likapita juu ya plasta kama mkono unaopapasa, na Ragna, akiwa kwenye stuli yake, akainua macho kutunga uzi. Upande wa kushoto, kiraka kilikuwa kimesimama wazi. Mshono wa tanga, mara mbili kuzunguka, ambao hakuna mwingine mjini aliyeushona hivyo. Na ndani ya mshono, nyuzi zikipandana kama mifupa ya samaki, unaweza kuzihesabu.

Uzi ulimponyoka. Alitazama huku na huku. Mzee Folmer alikuwa anapiga misumari, Ebba anaimba. Wingu likapita, plasta ikawa nyeupe tupu tena. Ragna akashika kazi, lakini shingo yake ilikuwa inawaka.

Siku hiyo hiyo Troels, akifunga mkoba wake kwenda Aarhus kwa juma moja, alitangaza habari njema. Plasta itakwenda kwenye maonyesho. Itasimama juu ya jukwaa kando ya kiti, na taa ya pembeni, ili kila mtu aone umbo.

"Ya nini hiyo?" Ragna aliuliza, sauti ikitoka ndogo. "Watu wanakuja kuona kiti."

"Waone kiti kimetoka wapi! Kimetoka kwa mwanamke anayefanya kazi, hakikutoka kwenye kichwa cha bwana mmoja. Unaona haya, mama? Mwili huu usiuonee haya. Miili kama huu ndiyo inayobeba nchi!"

"Nchi ni nchi, Bwana Troels. Hayo ni makalio yangu."

Troels alicheka kwa upendo, akampigapiga begani, akaondoka. Kijana alikuwa mwema, na wema wake haukuwa na masikio. Alidhani anajua ni haya gani anayoiponya. Ragna angestahimili mji mzima kuona upana wake. Upana alikuwa nao hadharani kila siku kwenye tramu. Kiraka ndicho alichokifunika kwa gauni, na aproni, na koti. Na sasa kiraka kitapewa taa. Mama wa Lyngby atakuja, atautambua ufumaji wake. Mzee Folmer atautambua mshono. Watasema: fukara, tena mwizi wa gunia.

Usiku mmoja tu alikesha nalo moyoni. Kesho yake, wenzake walipokwenda chumba cha nyuma kunywa kahawa ya saa nne, alisema kichwa kinamuuma. Alipanda juu ya stuli na kipande cha msasa. Alisugua. Vumbi jeupe lilimwagika juu ya aproni nyeusi. Nyuzi za mifupa ya samaki zilifutika haraka, mshono ulikuwa mgumu. Uliingia ndani zaidi, basi naye akaingia ndani zaidi, akasawazisha kingo, akapuliza. Alipomaliza, upande wa kushoto ulikuwa laini kama yai. Alijifuta, akaketi, na Ebba alipomletea kikombe, alikinywa hadi mwisho.

Alidhani kazi ya plasta ilishakwisha. Alidhani Troels alishachukua alichotaka na kilichobaki ni pambo la kuonyesha watu. Troels aliporudi kutoka Aarhus alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akashusha ule mfano, akatoa bikari na rula, akaanza kupima. Alipima kila upande, ulimi ukiwa nje kama wa mtoto anayechora. Sindano ya Ragna ilisimama katikati ya kitambaa. Hapo ndipo ilipokuwa saa ya kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: usipime, nimeisugua. Alifungua kinywa. Mzee Folmer akamgeukia.

"Unataka uzi, mama?"

"Ndiyo," alisema Ragna. "Uzi."

Seremala wa ng'ambo ya ua alichonga fremu na kikalio cha mbao kwa vipimo vile. Mzee Folmer alifunga mikanda, akafunga springi, akalaza singa za farasi, akazichambua kwa vidole mpaka zikawa wingu. Ragna alishona kitambaa, akakivika. Kiti kilikuwa kizuri hata seremala alivua kofia. Troels akakaa.

Akainuka. Akakaa tena. "Kinalala upande," alisema.

Ebba alikaa naye, akayumba kwa makusudi. "Feri ya Bornholm hii! Nani ana ndoo nitapike?"

Kila aliyekaa aliinuliwa kidogo upande wa kushoto, akasukumwa kulia, kama mtu anayenong'onezwa na jirani. Troels alichukua bikari, akapima mbao. "Mbao ni sahihi. Nimepima mwenyewe, na seremala amefuata. Mzee, singa zimekaa vibaya."

Mzee Folmer alitema misumari kiganjani. Hakuwa amewahi kuambiwa neno hilo tangu uanagenzi. "Basi nitafumua," alisema.

Akafumua. Akapanga upya. Kiti kikalala kulekule. Akafumua tena, mpaka kwenye springi, akafunga upya kwa kamba mpya, vidole vyake vyenye baridi yabisi vikivimba kama viazi. Kikalala kulekule. Kila mara Ragna alivua kitambaa na kukivika tena, na kila mara Mzee aliponyoosha mkono bila kutazama, Ragna alimwekea uzi kiganjani. Ebba aliacha kufanya mzaha. Kiangazi kikapita hivyo.

Mwisho wa Agosti Troels alikuja na uso wa mazishi. "Mzee wangu, usinielewe vibaya. Maonyesho yako mlangoni. Kuna karakana kule Valby, wanatumia mpira mpya, sponji, unakatwa kwa mashine. Mashine haikosei. Labda nikipeleke huko."

Troels alipotoka, Mzee Folmer alikaa juu ya kreti, akaitazama mikono yake mbele na nyuma. "Labda kweli," alimwambia Ragna, na kwa mara ya kwanza mdomo wake haukuwa na msumari hata mmoja. "Labda mikono imezeeka, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Si ndivyo inavyokuwa?"

Ilikuwa saa ya chakula. Ebba alikuwa uani, akila mkate wake mweusi na ini juani. Ragna alikuwa na wake mkononi, bado kwenye karatasi.

"Mikono haina kosa," alisema. "Ni plasta."

"Plasta ina nini?"

"Niliisugua. Kwa msasa. Kabla hajapima."

Mzee alimtazama kama mtu anayengoja mzaha ufike mwisho. "Kwa nini, mama?"

"Kilionekana kiraka. Kwenye gagulo langu." Aliuweka mkate mezani. "Kitambaa cha kiraka kilikuwa cha kiti hiki. Nilikitoa guniani."

Njiwa walikuwa wanatembea juu ya bati. Mzee Folmer alikunja vidole, akavikunjua.

"Ungeniomba," alisema.

"Ningekuomba ningekuambia nimetoboka."

"Wote tumetoboka, Ragna! Unadhani mimi nina nini chini ya suruali hii, hariri?" Aliinuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Hasira ilimjia polepole, na haikuwa ya kitambaa. "Nimefumua hiki kiti kiangazi chote. Ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

"Ukanipa uzi."

"Nikakupa uzi," alisema Ragna, na hapo ndipo alipolia. Mpaka siku hiyo alidhani haya yake yote imo kwenye kile kiraka. Kumbe kiraka kilikuwa kidogo, ukubwa wa kiganja. Kubwa ilikuwa hii nyingine, ya kukaa kando ya mtu mwema akijidharau, na kumpa uzi.

Mzee Folmer alimwacha alie. Hakumbembeleza, na Ragna alimshukuru kwa hilo baadaye. Mwishowe alisema, "Krismasi hii huna zamu kwenye gunia. Zamu yako umeshachukua."

"Sina zamu," Ragna alikubali.

"Na utamwambia yule kijana mwenyewe."

Alimwambia jioni hiyo hiyo, amesimama, mbele ya Ebba. Troels alisikiliza huku rangi ikimpanda kutoka kwenye kola mpaka kwenye nywele. Alikumbuka hotuba yake, ni dhahiri, maana alianza kuomba radhi na hakujua aanzie wapi. Alisema plasta haitakwenda popote. Alisema atarudi kupima mwili wake mwenyewe.

"Mwili wako unasukuma watu," Ragna alisema. "Lete udongo."

Ebba, kwa upole ambao hakuna aliyeuzoea, alisema, "Dada, chukua gagulo langu. La nailoni, halina hata tundu."

"Lako litanitosha mkono mmoja."

"Basi huo mkono utapendeza," Ebba alisema, na wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliotoka kwenye maji.

Hivyo Ragna alikaa tena kwenye udongo, na gagulo lilelile, maana hakuwa na jingine. Plasta ilipokauka, kiraka kilisimama pale pale. Troels alipima upesi, kisha akachukua msasa mezani kwa hiari yake. "Sasa nimeshapima. Nikifute, mama? Dakika moja tu. Hakuna atakayejua."

Ragna alitaka kusema ndiyo. Mwili wake wote ulitaka. Alimtazama Mzee Folmer, ambaye alikuwa ameinamia springi na hakuinua kichwa.

"Msasa umeshafanya kazi yake humu ndani," alisema. "Uache. Na plasta iende kwenye maonyesho hivyohivyo."

Kiti kilisimama sawa mara ya kwanza. Mzee Folmer alikikalia mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kiti cha mteja, akafumba macho, na mikono yake iliyovimba ikalala juu ya mbao kama imepata kwao.

Kwenye maonyesho, kila kitu kilikuwa kama Troels alivyosema mwanzoni: jukwaa, kiti, na plasta kando yake chini ya taa ya pembeni. Mwandishi mmoja wa gazeti la jioni, wa wale ambao hawawezi kuona kiti wasikipe jina la utani, alikiita Gagulo, na kufikia siku ya pili ukumbi mzima ulikuwa unaulizana umeshaona Gagulo, umeshakalia Gagulo. Troels alitaka kumjibu kwa ukali. Mzee Folmer akamwambia anyamaze, jina limeshashika.

Ragna alikwenda Jumapili mchana. Alivaa koti lake, akalifunga vifungo mpaka shingoni ingawa ukumbi ulikuwa na joto. Alisimama nyuma ya watu. Mama wa Lyngby alikuwa ameshakuja siku ya ufunguzi. Ebba alimwona akiinama karibu sana na plasta, akakaa hivyo kitambo, kisha akaenda zake bila kumsemesha mtu. Mabwana wenye kofia walipita, wakatazama upana, wakagusana viwiko. Bibi mmoja mwenye manyoya shingoni alisema ni ujasiri mkubwa wa sanaa. Ragna aliyasikia yote yakipita juu yake.

Kisha alikuja mwanamke wa umri wake, vidole vyekundu vilivyopasuka, vya dobi. Huyu hakutazama upana. Alisogea mpaka kwenye kamba, akainamisha kichwa upande wa taa, akafuata kiraka kwa macho kuzunguka, mara moja, mara mbili. Mkono wake ulishuka ukashika ubavu wa sketi yake mwenyewe, pahali fulani, ukaachia.

"Mshono mzuri huu," alisema, kwa yeyote aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu alikuwa Ragna.

Uso wa Ragna ulishika moto mpaka masikioni. Angeweza kunyamaza. Angeweza hata kusema asante.

"Mshono ni wake," alisema. "Kitambaa hakikuwa chake."

Mwanamke alimgeukia. "Kumbe unamjua?"

Watu walisukumana, mtu akacheka kule kwenye kiti, na taa ya pembeni ilikuwa imewaangukia wote wawili.

"Namjua," alisema Ragna, akabaki pale pale, na uso wake hivyo ulivyokuwa.